Mjadala: Wewe unapumzika siku ya Sabato. Dada wa kazi nyumbani kwako anapumzika lini?

Mleta mada, Chikongola (Mtwara mjini)

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nauza vitenge na khanga, na ni Msabato. Ijumaa jua likizama nimeshafunga, sifungui mpaka Jumamosi jua lizame tena. Hata msimu wa korosho, wakulima wakishalipwa na watu wanashuka mjini kununua, mimi Jumamosi nafunga. Nimesemwa sana, nimezoea. Leo sikuja na hilo.

Jumamosi iliyopita kwenye shule ya Sabato zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Amri ya nne, Kutoka sura ya 20. Nikasoma kwa sauti kwamba siku hiyo usifanye kazi wewe, wala mwanao, wala binti yako, wala mtumwa wako, wala mjakazi wako, wala mnyama wako, wala mgeni aliye ndani ya malango yako. Baada ya ibada nikarudi nyumbani na wageni wanne. Dada wa kazi nilimkuta uani, amechuchumaa mbele ya majiko mawili ya mkaa, huku wali wa nazi, huku samaki. Gauni limeganda mgongoni kwa jasho. Aliamka saa kumi na moja alfajiri. Aliponiona akainuka kunipokea mkoba, na mkono alioninyooshea ulikuwa na majivu mpaka kwenye kiwiko. Nilishindwa kumwachia ule mkoba.

Miaka yote nimejisifu kwamba nyumba yangu inaishika Sabato. Kumbe ilikuwa inashikwa na watu wote isipokuwa yeye, na sisi tulipumzika kwa sababu yeye hakupumzika. Na sisi Wasabato hatuna cha kujitetea, maana Ijumaa tunaiita siku ya maandalio. Chakula kilitakiwa kiwe kimepikwa.

Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inarudia amri hiyo hiyo na kutoa sababu nyingine: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Hapa kwetu Mikindani ni jirani tu. Pale watu kutoka upande wa Ziwa Nyasa walipakiwa majahazini kama magunia, na utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka 1922. Neno mjakazi tukilisoma kanisani hapa Mtwara, tulisome taratibu.

Asiyetaka Biblia kuna sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 24, inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Akifanya kazi siku hiyo ni kwa kukubali mwenyewe kwa maandishi, na alipwe mara mbili. Sheria hiyo haikumtoa mfanyakazi wa nyumbani.

Nasema kila nyumba yenye dada wa kazi itaje siku yake ya juma, nzima, na iheshimiwe. Anayepinga aje na hoja.

Muuguzi, Ligula

Dada yangu, umenigusa, ila napinga. Mimi naingia zamu za usiku, watoto wangu wadogo. Huyu binti nilimchukua kwa mama yake nikaahidi nitamtunza kama mwanangu. Nikimwambia Jumapili ni yako, ataenda wapi? Hana ndugu mjini. Likimpata la kumpata, atakayeulizwa ni mimi. Halafu niambieni, mimi mwenyewe napumzika siku gani? Nikitoka wodini nafua.

Mzee wa Lindi

Asalaam aleikum. Kwetu Waislamu Ijumaa si siku ya kuacha kazi kutwa. Sura ya Jumua inasema ikiadhiniwa swala acheni biashara, na ikishaswaliwa tawanyikeni katika ardhi mkatafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo msije mkatuwekea Sabato sote. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia sahaba aliyekuwa akifunga kila mchana na kuswali usiku kucha kwamba mwili wako una haki juu yako. Kama mwili wangu una haki juu yangu, mwili wa binti anayenipikia nao una haki, na haki hiyo iko juu yangu niliyemwajiri. Katika hilo niko na huyu mama.

Dereva bodaboda, Mikindani

Na sisi je? Pikipiki ya mkataba hesabu ni kila siku, bosi hana Jumapili wala Ijumaa. Nikilala siku moja naamka na deni.

Mkulima, Newala

Korosho haijui Sabato. Ikianguka lazima iokotwe, mvua ikiikuta chini inaharibika inashuka daraja, na mwaka mzima umeutumia kupalilia na kupuliza salfa. Watu wa mjini mnaongea kama kila kazi ina mlango wa kufunga.

Mleta mada

Kaka wa Newala, korosho ikitaka kulowa okota, mvua haikusubiri. Ila msimu una mwisho. Jiko halina msimu.

Mdogo wangu wa Mikindani, kwako siku ya saba idaiwe kwenye mkataba. Wako wenye pikipiki wanaopokea hesabu ya siku sita, ya saba ni ya dereva. Anayekubali kupanda pikipiki bila siku hiyo anambebesha na mwenzake mzigo huo huo.

Muuguzi, mdogo wangu, hoja yako ni nzito kuliko zote na nimekaa nayo jana kutwa. Unasema ni kama mwanao. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini binti yangu wa kumzaa Jumamosi analala mpaka saa mbili, na hakuna anayemwambia akaoshe vyombo. Kuhusu kwenda wapi: sheria hiyo hiyo inaruhusu mkikubaliana kwa maandishi mapumziko yawe saa 60 mfululizo kila wiki mbili. Saa 60 zinatosha kupanda gari la Newala, kulala kwao siku mbili, na kurudi. Ule usiku ambao yeye hayupo na wewe uko zamu, mtoto analala kwa nani? Hapo ndipo mume, shangazi na jirani waulizwe. Kuchoka kwako ni kweli kabisa, na wewe una haki ya kupumzika. Ila usiulipie uchovu wako kwa binti mwenye mshahara mdogo kuliko wote nyumbani.

Dada wa kazi, Shangani

Shikamooni. Nasoma tu siku zote, leo naomba niseme. Mama ninapofanyia kazi ni mtu mwema, mwezi uliopita alinipa Jumapili. Nilikaa chumbani kwangu. Saa mbili mtoto akaja, dada chumvi iko wapi. Saa nne baba akaita, dada funguo ya stoo. Saa sita wageni wakafika, nikasikia mama anahangaika na sahani, nikaona aibu nikatoka nikaosha. Nyumba unayofanyia kazi huwezi kupumzika ndani yake, hata ukifunga mlango. Mimi hizo saa 60 ndizo nazitaka. Mama yangu yuko Tandahimba, sijala naye ming'oko mwaka wa pili huu.

Muuguzi, Ligula

Nimesoma. Nitaongea na mume wangu leo kabla sijaingia zamu.

Mleta mada

Mwanangu wa Shangani, ahsante. Nilidhani siku nikishaitaja nimemaliza.

Ijumaa hii wali na samaki vitaiva kabla ya saa kumi na mbili jioni, nitapika na binti yangu. Dada nimeshamkatia tiketi, anaondoka Ijumaa asubuhi. Jana amenizungusha jikoni: chumvi ipo kopo la bluu, rafu ya chini, nyuma ya unga.