Katiba ya India kwa ajili ya UPSC, nisomeje mpaka iingie kichwani?

Upanga_mpaka_Rajkot

Wakuu habari zenu. Mimi nimezaliwa Dar nikakulia Upanga, ila nyumbani kwetu wote paspoti ni za India na sasa hivi tunakaa Rajkot, Gujarat. Najiandaa na UPSC, ule mtihani wa kuingia utumishi wa serikali kuu, wanakotoka maofisa wa IAS (utawala) na IPS (polisi). Historia nasoma naelewa, jiografia hainisumbui, uchumi tunaenda nao hivyo hivyo, kimbembe ni katiba na utawala. Ibara nazijua kwa namba, ukiniuliza ya 14 nakwambia usawa mbele ya sheria, ya 21 uhai na uhuru wa mtu, ya 32 kukimbilia Mahakama ya Juu, lakini nikikaa na maswali ya mazoezi wanakuwekea sentensi nne halafu wanauliza ngapi kati ya hizo ni sahihi, hapo nachanganyikiwa kabisa, na kila ukikosea wanakukata theluthi ya maksi za swali.

Sasa naomba msaada, hivi inabidi nisome Katiba yenyewe au vitabu vya kufundishia vinatosha? Halafu haki za msingi na ile misingi ya mwelekeo wa serikali, yale malengo ambayo Katiba inaitaka serikali ijitahidi kuyafikia, mbona kama vinaongelea kitu kimoja, tofauti yake hasa iko wapi ukiacha kwamba moja mahakama inaisimamia na nyingine haiisimamii? Na karatasi ya utawala kwenye mtihani mkuu watu wanajiandaaje maana ile huwezi kukariri. Pia nina binamu yangu Kampala, paspoti yake ya Uganda, anasema na yeye anataka kufanya, inawezekana kweli?

wakili_wa_Tabora

Mkuu pole na kazi. Mimi sheria nimesomea Pune kwahiyo hiyo Katiba nimeishi nayo. Isome yenyewe, ila usianze ibara ya 1 uende hivyo mpaka mwisho, utachoka. Ilianza kutumika 26 Januari 1950 ikiwa na ibara 395 na majedwali 8, leo majedwali ni 12 na marekebisho yameshapita 100, hakuna kichwa kinachobeba yote hayo kama orodha. Fuata ugomvi. Karibu kila ibara wanayopenda kuiuliza nyuma yake kuna Bunge na Mahakama wamevutana, ukishajua walivutana nini ibara inakaa yenyewe.

Chukua hilo hilo swali lako la haki za msingi na misingi ya mwelekeo. Mwaka 1951 kuna kesi ya Champakam Dorairajan, jimbo la Madras lilikuwa linagawa nafasi za vyuo kwa mafungu ya jamii na tabaka, Mahakama ikasema hapana, misingi ya mwelekeo haiwezi kuvunja haki ya msingi ya mtu. Bunge halikulala, mwaka huo huo likaleta marekebisho ya kwanza na ndo ikazaliwa ibara ya 15(4) inayoruhusu serikali kuwapa nafasi maalum walioachwa nyuma. Mwaka 1967 kesi ya Golaknath, Mahakama ikaenda mbali zaidi ikasema Bunge halina mamlaka ya kupunguza haki za msingi hata kwa kurekebisha Katiba. Bunge likajibu 1971 kwa marekebisho ya 24, tunaweza kurekebisha popote. Tarehe 24 Aprili 1973 ikaja Kesavananda Bharati, kiongozi wa dini kutoka Kerala aliyekuwa anapinga sheria za ardhi za jimbo lake, majaji 13, wakagawanyika 7 kwa 6, wakasema sawa Bunge rekebisheni chochote ila muundo wa msingi wa Katiba msiuguse.

Ungedhani yameisha. Mwaka 1976, nchi ikiwa kwenye hali ya hatari ya Indira Gandhi, marekebisho ya 42 yakataka misingi yote ya mwelekeo iwe juu ya haki za ibara ya 14 (usawa) na 19 (uhuru wa kusema na kadhalika). Kesi ya Minerva Mills ya 1980 ikalifuta hilo, majaji wakasema Katiba imesimama kwenye mizani kati ya hizo sehemu mbili, ukiipa moja ushindi wa moja kwa moja umeharibu Katiba. Iliyobaki na kinga ni misingi ya ibara ya 39(b) na (c) tu, ile ya kugawa rasilimali kwa manufaa ya wote na kuzuia utajiri kurundikana kwa wachache, kupitia ibara ya 31C. Hapo ukiletewa sentensi inayosema "misingi ya mwelekeo haiwezi kamwe kuwa juu ya haki za msingi" unaijua ni ya uongo, na unajua kwa nini.

Na usidhani isiyosimamiwa na mahakama basi ni pambo. Nyie hapo Gujarat pombe imepigwa marufuku, nenda kaisome ibara ya 47. Elimu ya watoto nayo ilikuwa ibara ya 45 tu, jambo la serikali kujitahidi, mpaka marekebisho ya 86 ya mwaka 2002 yakaifanya haki ya msingi, ibara ya 21A, miaka 6 hadi 14. Haki ya mali ikaenda njia ya kinyume, marekebisho ya 44 ya 1978 yakaitoa kwenye haki za msingi ikahamia 300A. Hata Katiba yetu ya Tanzania ya 1977 ina sehemu ya namna hiyo, ibara ya 7 inasema wazi mahakama haitaitilia nguvu, kwahiyo mkuu hicho kitu umekulia nacho.

Nyokabi_254

Nimependa hiyo ya wakili. Niongeze tu kwamba hiyo kesi ya Kesavananda ilifika mpaka kwetu Kenya, wakati wa BBI, ule mpango wa kurekebisha Katiba. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa 2021 zilikubali kwamba Katiba yetu ina muundo wa msingi usioguswa kwa marekebisho ya kawaida, halafu Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022 ikasema fundisho hilo halitumiki Kenya, kwa sababu Katiba ya 2010 yenyewe imeweka njia ngumu za kuirekebisha, ikiwemo kura ya maoni. Ukilinganisha hivyo unaelewa mbona India walilihitaji, kule ibara ya 368, ile ya kurekebisha Katiba, haina kura ya maoni kabisa, ni wingi maalum wa Bunge, na kwa mambo yanayogusa majimbo angalau nusu ya mabunge ya majimbo yaridhie. Hii inaweza kukusaidia kwenye insha maana silabasi ya karatasi ya pili, hiyo ya utawala, inataka pia ulinganishe na katiba za nchi nyingine.

Shah_wa_Mombasa

Kuhusu binamu. Sheria ya UPSC inawataja wazi watu wenye asili ya India waliohama kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja na nchi zingine kama Zambia, Malawi na Ethiopia, mradi wawe wamehamia kwa nia ya kukaa India moja kwa moja, na lazima awe na cheti cha kustahili kutoka serikali ya India. Ila IAS na IPS ni raia wa India peke yao, hapo hamna mjadala, yeye atabaki na huduma zingine. Sasa kama bado anakaa Kampala na hana mpango wa kuhama asipoteze hela yake. Na mwambie kuna karatasi ya lugha moja ya India, ni ya kufaulu tu lakini ukianguka karatasi zingine hazisahihishwi, kama Kigujarati chake ni cha kuongea tu aanze kuandika leo.

nipo_Delhi_bado

Mimi nasoma huku Mukherjee Nagar, mtaa wa Delhi wa wanaojiandaa na mitihani hii, wacha niseme la utawala maana watu wengi ndo wanapoangukia. Karatasi ya pili ni maksi 250 na swali halikuulizi ibara inasema nini, linakuuliza mbona haifanyi kazi ilivyotarajiwa. Jiulize kila jambo limetokea wapi, nani analipia, nani anamwajibisha nani.

Sheria ya haki ya kupata taarifa ya 2005 kwa mfano. Watu wanaandika "inaleta uwazi" basi wamemaliza. Mwambie msahihishaji kwamba vuguvugu lake lilitoka vijijini Rajasthan miaka ya 1990, vibarua walikuwa wanadai kuonyeshwa vitabu vya malipo ya kazi za serikali, vikisomwa mbele ya kijiji inaonekana kazi imelipwa na haijafanyika. Ofisi ina siku 30 kujibu, na likihusu uhai au uhuru wa mtu saa 48. Ukishaweka hayo ndo unaeleza panapokwama, rufaa zinarundikana kwenye tume za taarifa, nafasi za makamishna zinakaa wazi.

Panchayati, yaani mabaraza ya vijiji, hivyo hivyo. Marekebisho ya 73 yalianza kutumika 24 Aprili 1993, mada 29 kwenye jedwali la 11, theluthi ya viti kwa wanawake. Uchaguzi na viti ni lazima, lakini ibara ya 243G imewaachia mabunge ya majimbo waamue wanawapa vijiji mamlaka kiasi gani, kwahiyo Kerala wamepeleka mengi na pengine mwenyekiti wa kijiji amechaguliwa vizuri tu na hela hana. Hapo ndo penye insha.

Na vyombo, usichanganye. Tume ya Uchaguzi ibara ya 324, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu 148, Tume ya Fedha 280, hao ni wa Katiba. Tume ya Haki za Binadamu ni ya sheria ya Bunge ya 1993. NITI Aayog, chombo cha kuishauri serikali kuhusu sera na maendeleo, haiko kwenye Katiba wala haina sheria, ni azimio la baraza la mawaziri la Januari 2015. Swali hili halizeeki.

Upanga_mpaka_Rajkot

Aisee nawashukuru sana, hiyo ya 45 kwenda 21A nilikuwa naziona kama vitu viwili tofauti kabisa. Swali la mwisho wakuu, ibara ya 356, utawala wa Rais kwenye jimbo, yaani Delhi kutwaa uendeshaji wa jimbo, nayo niifuate kwa ugomvi gani?

wakili_wa_Tabora

Anza Kerala 1959, serikali ya wakomunisti ya Namboodiripad ilivunjwa na Delhi ikiwa na wingi wake bungeni. Pita miaka ya 1977 na 1980, kila chama kikishika Delhi kinavunja mabunge ya majimbo ya wapinzani kwa mkupuo. Halafu ingia S.R. Bommai ya 1994, majaji tisa: wingi wa serikali unapimwa ndani ya bunge la jimbo, sio sebuleni kwa gavana anayeteuliwa na Delhi, na mahakama inaweza kuangalia sababu alizozitumia Rais. Tangazo lenyewe lazima mabunge yote mawili yaliidhinishe ndani ya miezi miwili, kisha linadumu miezi sita sita, mwisho miaka mitatu, na kupita mwaka wa kwanza yale masharti ya marekebisho ya 44 yanakubana. Hayo masharti yako ibara ya 356(5), fungua Katiba yenyewe uyasome usiku huu.