Mkopo wa chuo kwa mwalimu: nimekaa nikapiga hesabu mwenyewe, nina hasira sana

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu mnivumilie, hili jambo limenikaa kooni tangu mdogo wangu amalize form six na kuniomba nimsaidie kujaza fomu ya mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) hapa Tanzania maana na yeye anataka ualimu kama dada yake.

Mimi nafundisha Kiswahili na Historia. Chuo nimeingia 2018 nikamaliza 2021, mkopo nimepata miaka yote mitatu. Boom (hela ya chakula na malazi) ilikuwa 510,000 mara nne kwa mwaka (8,500 kwa siku), ada nililipiwa milioni moja kila mwaka, vitabu laki mbili, field (mazoezi ya kufundisha) mara mbili 560,000 kila moja, weka na ile asilimia 1 ya uendeshaji unakuta deni lote la miaka mitatu ni 10,948,400. Nasaini ile fomu nina miaka 20 na hakuna mtu, si mwalimu wa shule, si wa chuo, aliyenikalisha chini akaniambia hebu binti gawanya hili deni kwa mshahara wa mwalimu uone. Tuliambiwa tu ualimu ajira nje nje.

Sasa hesabu yenyewe. Rafiki yangu niliyesoma naye kaajiriwa serikalini 2023, TGTS D (ngazi ya mshahara wa walimu serikalini), basic ya kuanzia 771,000. Kwenye slip yake ya mwanzo kulikuwa na PSSSF (pensheni) 38,550, kodi 62,490, bima 23,130, chama 15,420, alafu mkopo asilimia 15 ambayo ilikuwa 115,650. Iliyoshuka kwenye akaunti ilikuwa 515,760. Kwa makato hayo na deni kama langu anakatwa miezi 95 ndo amalize, karibu miaka 8.

Binamu yangu yeye aliishia form four akaenda kusoma cheti cha ualimu, hakukopa hata mia. Kaanza na 479,000 TGTS B, hana mkopo kwa hiyo akikatwa vyote vingine alikuwa anabaki na 416,296. Toeni wenyewe. Tofauti ya mwenye digrii na mwenye cheti wakati wa kuanza ilikuwa kama 99,500 kwa mwezi, na huyu wa digrii kakaa darasani miaka mitano baada ya form four, miwili ya A level na mitatu ya chuo, wakati cheti ni miaka miwili, na anadaiwa! Nilirudia hiyo hesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Na huyo ndo mwenye bahati, ameajiriwa. Kwenye usaili wa walimu wa Januari 2025 nafasi zilikuwa 14,648 na waombaji wamepita laki mbili. Nilikuwepo, nimekopa nauli, nimelala kwa watu, mkeka (orodha ya walioajiriwa) umetoka jina halipo. Mimi niko shule binafsi, mshahara laki tatu. NSSF (pensheni) elfu 30, mkopo elfu 45, nabaki na 225,000 na chumba peke yake ni elfu 60. Kwa elfu 45 kwa mwezi lile deni linaisha baada ya miaka 20 na miezi mitatu, yani nitakuwa nalipia boom ya mwaka wa kwanza huku mwanangu mwenyewe anaomba mkopo.

Naomba nisieleweke vibaya, sisemi tusilipe. Bila ule mkopo mimi nisingekanyaga chuo, na hela inayorudi ndo inasomesha wengine. Na ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka kuondolewa 2021 imetuokoa kweli, maana kwa deni langu ingekuwa inaongezeka 657,000 kwa mwaka wakati mimi nalipa 540,000, deni lingekuwa linapanda tu huku nakatwa kila mwezi. Lakini asilimia 15 ni ileile kwa anayelipwa laki tatu na anayelipwa milioni tatu, na hii ilitoka asilimia 8 mwaka 2016. Mwenye milioni tatu akikatwa anapunguza starehe, mimi nikikatwa naenda kwa kausha damu (wakopeshaji wa riba kubwa) kabla ya tarehe 20!!

Kilichonifanya nifungue uzi leo ni hiki. Shule niliyokuwepo kabla ya hii walinikata hiyo elfu 45 miezi 14, iko kwenye slip kabisa. Juzi nafungua akaunti yangu ya mkopo nione nimefika wapi, hakuna hata mwezi mmoja uliopelekwa. 630,000 yangu. Kisheria mwajiri anatakiwa awe ameipeleka ndani ya siku 15 mwezi ukiisha. Nimempigia mhasibu ananiambia mwalimu hebu vuta subira, mkurugenzi amesafiri. Subira ya nini wakati ile hela ilitoka mfukoni kwangu?? Kama na nyie mko private ingieni muangalie leo hii, msiamini slip.

Ninachotaka ni kitu kidogo tu. Ile fomu ya mkopo iwe na ukurasa mmoja unaosema kozi hii mshahara wa kuanzia ni huu, makato ni haya, utalipa miaka hii, na waombaji wa ajira mwaka jana walikuwa wangapi kwa nafasi ngapi. Mtoto asaini akiwa ameona.

Walimu wenzangu wekeni hapa mlikopa ngapi, mnakatwa ngapi, mmebakiza ngapi, hasa mliosoma diploma ya sayansi na hesabu. Dogo kaniuliza tena asubuhi hii kama nimeshamjazia na sijui nimjibu nini.