Laptop haiwaki kupitia memori kadi, naomba ushauri

Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa wanaoelewa mambo ya kompyuta.

Nina laptop ya zamani kidogo, RAM GB 4. Diski yake kuu (hard disk) imekufa na nimeshaitoa. Wakati natafuta hela ya SSD (diski ya kisasa ya kuweka badala yake), nataka kuitumia kwa Ubuntu (mfumo endeshi wa bure, kama ilivyo Windows) inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye memori kadi ya GB 32. Faili la ISO (lenye Ubuntu nzima) nimeliandika kwenye kadi kwa programu ya Rufus, nikachagua GPT (mpangilio mpya wa diski), UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta) na FAT32 (muundo wa kuhifadhi faili).

Nikichomeka kadi kwenye tundu la pembeni la laptop, kwenye menyu ya F12 (ya kuchagua kifaa cha kuwashia) haionekani kabisa. Nikiiweka kwenye kadi rida ya USB (kifaa cha kusomea kadi), inaonekana. Ila nikiichagua tu, kioo kinakuwa cheusi, kuna kakistari kanapepesa juu kushoto, na hapo ndiyo mwisho, hata nikiiacha muda mrefu.

Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka) na Fast Boot (kuwaka haraka) nimezima. Nimehamisha rida kutoka tundu la USB 3.0 kwenda 2.0, hali ni ileile. Kadi hiyohiyo na rida hiyohiyo kwenye kompyuta ya kaka inawaka vizuri, kwa hiyo sidhani kama kadi ni feki (ingawa hizi za mtaani, nani azijue).

Maswali yangu: je, niandike upya kwa MBR (mpangilio wa zamani wa diski) na kuwasha Legacy (njia ya zamani ya kuwaka), au tatizo liko kwingine? Na lile tundu la pembeni, kuna namna ya kuifanya BIOS (programu ya ndani inayoiwasha laptop) ilione, au nisahau?

Natanguliza shukrani.