Naomba ushauri: nipimeje uzito wa kazi ya mwanaastrofizikia?

Ndugu zangu, ninaandika makala kuhusu mchango wa Robert Kennicutt katika utafiti wa kuzaliwa kwa nyota, na nimekwama kwenye suala la kunukuliwa. Kazi zake za mwaka 1998, zilizoendeleza wazo la Maarten Schmidt la mwaka 1959 kwamba kasi ya kuzaliwa kwa nyota hufuata msongamano wa gesi, zimenukuliwa mara maelfu; lakini naona baadhi ya watafiti huchukua tu milinganyo yake ya kukadiria kasi hiyo, bila kuigusa hoja yenyewe. Kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005 (mtafiti ana h ya 10, kwa mfano, akiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10), hakitofautishi manukuu hayo, tena huwapunja watafiti wachanga ninaotaka kumlinganisha nao. Je, nitumie njia ipi iliyo ya haki? Mwenye uzoefu naomba anielekeze.