Bima ya wizi imenigomea kisa mwizi ni mfanyakazi wangu, ipo bima inayolipa hii?

mwenye_stoo
Wakuu habari zenu, naomba mwenye uelewa wa bima za biashara anisaidie. Nina duka la jumla, bima ya moto na ya wizi nakata kila mwaka na sijawahi kuchelewesha malipo. Sasa juzi kati tumegundua keshia alikuwa anasubiri mteja aondoke na risiti yake halafu anayafuta yale mauzo kwenye mashine, ripoti ya jioni inaonyesha mauzo yamebatilishwa na hela inabaki mfukoni kwake. Nimepeleka madai, jibu likaja fupi tu kwamba hakuna mlango uliovunjwa hivyo hawalipi. Jamani wizi si wizi tu?? Na mhasibu wangu naye analipa wasambazaji kwa kompyuta, huko nako nasikia watu wanalizwa kila siku.

mzee_wa_madai
Pole sana mkuu. Jibu lao linauma ila kimkataba wako sawa. Bima ya wizi ya kawaida inataka alama za mtu kuingia au kutoka kwa nguvu, kufuli lililokatwa, nondo iliyokunjwa, kitu kama hicho, na mikataba mingi imeandika waziwazi kwamba wizi wa mfanyakazi haumo. Inayokufaa wewe ni bima ya uaminifu wa wafanyakazi, ukifika kwa ajenti sema fideliti atakuelewa. Ipo pia pana zaidi, bima ya uhalifu kwa biashara, hiyo inabeba wizi wa wafanyakazi, hundi za kughushi, hela taslimu zikiwa ndani au zikiwa njiani kwenda benki, noti bandia, na mtu kuingia kwenye mfumo wako akahamisha pesa.

Kwenye fideliti utaulizwa unataka kukatia watu kwa majina, kwa vyeo, au wafanyakazi wote kwa pamoja. Chukua ya wote, vinginevyo kila ukibadilisha keshia inabidi ukumbuke kuwaandikia. Ila mbia wako akiiba hapo usitegemee kitu, wenye biashara kwa kawaida hawahesabiwi kama wafanyakazi.

hesabu_kwanza
Naongezea kwa mzee hapo juu. Watu wengi wanakwama kwenye ushahidi. Ukienda na karatasi inayosema stoo ilitakiwa iwe na katoni kadhaa na zilizopo ni pungufu, hawalipi, upungufu wa kuhesabu peke yake hauthibitishi kwamba kuna mtu ameiba, inaweza kuwa mliandika vibaya wakati wa kupokea mzigo. Wewe kaka una bahati maana mashine inatunza kila risiti iliyobatilishwa, saa ngapi na kwa namba ya nani. Itoe yote, ilinganishe na zamu zake na kamera kama ipo, nenda polisi mapema, na usimruhusu mtu "kusafisha" ule mfumo.

Halafu kingine, ukishajua mfanyakazi ana tabia ya udokozi ukamsamehe ukamrudisha kaunta, bima kwa huyo mtu imeishia hapo. Akiiba tena hasara ni yako, hata kama mkataba bado unaishi. Na wanalipa kile kilichoibwa tu, faida ambayo ungeipata kwa ile hela haimo.

mwenye_stoo
Asanteni sana. Kwa hiyo nikikata leo hii, huu wizi ambao tayari nimeugundua wataulipa? Na hiyo ya kompyuta si imeshaingia humo humo?

mzee_wa_madai
Huu umeshaujua kabla ya kukata kwa hiyo hapana, na usijaribu kuuficha kwenye fomu. Lakini swali lako linagusa kitu muhimu. Kuna mikataba inayoangalia wizi umegunduliwa lini na mingine inaangalia umetendeka lini. Wizi wa ndani unachelewa kujulikana, ripoti ya ACFE ya 2024, wale wachunguzi wa udanganyifu, inaweka muda wa kati kuwa miezi 12 tangu uanze mpaka ugundulike. Ndiyo maana mimi napendelea ule wa kugundua, japo hata huo usome kama wameweka tarehe ya nyuma wanayoishia, yaani wizi uliotendeka kabla ya hapo hawalipi.

Ya kompyuta sasa. Mtu akidukua akahamisha hela mwenyewe, hiyo imo. Mhasibu akiletewa barua pepe inayofanana na ya msambazaji, "tumebadilisha akaunti ya benki", akatuma kwa mkono wake, watakwambia ulitoa kwa hiari yako. Hiyo inataka nyongeza yake kwenye mkataba na kikomo chake cha malipo huwa kidogo kuliko kikomo kikuu cha mkataba. Sio mambo madogo, FBI ya Marekani kwa mwaka 2023 pekee ilipokea malalamiko ya utapeli wa namna hii ya kama dola bilioni 2.9.

kaunta_mbili
Mi naona kwa duka lenye watu watatu hiyo hela ya bima bora ufunge kamera na risiti isifutwe bila neno la siri la bosi, basi.

mzee_wa_madai
Hilo la neno la siri fanya hata ukikata bima, tena kwenye fomu watakuuliza. Wataulizia pia kama malipo yanaidhinishwa na watu wawili na kama akaunti mpya inathibitishwa kwa kumpigia msambazaji namba yake ya zamani mliyonayo. Ukiandika ndiyo wakati mhasibu anafanya yote peke yake, siku ya madai wanaanza na karatasi hiyo.