Mwanafunzi wangu anasema dunia ni bapa kwa sababu Kyrie Irving alisema. Nianzie wapi?

Mwl_Pasua (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa walimu na wazazi, na kama kuna aliyewahi kucheza au kukimbia kwa ushindani, huyo namhitaji zaidi.

Nafundisha jografia kidato cha kwanza na cha pili hapa Moshi. Jioni nasimamia timu ya mpira wa kikapu ya shule. Uwanja wetu ni wa saruji yenye nyufa na goli moja halina wavu, ila mawingu yakiachia, Kibo yote, kilele cha Kilimanjaro, iko mbele yako. Ninaye kijana wa kidato cha pili ambaye ndiye anaiendesha timu. Mpira anaupeleka kwa mkono wowote, na yote aliyonayo ameyatoa kwenye simu ya kaka yake akimtazama Kyrie Irving, mchezaji wa NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani. Fulana yake ya mazoezi ameiandika namba 11 mwenyewe, kwa kiwi ya viatu.

Wiki tatu zilizopita nilitoa zoezi: taja hoja tatu zinazothibitisha kwamba dunia ni duara. Wenzake waliandika zile sentensi za Kiingereza tunazowakaririsha, meli inayotokea mlingoti kwanza, na kadhalika. Yeye aliandika mstari mmoja wa Kiswahili: "Dunia ni bapa, hata Kyrie amesema."

Nikakosea. Niliusoma mstari ule kwa sauti mbele ya darasa. Wakacheka, nami nikacheka nao, halafu nikaongeza kwamba akili yake imeishia kwenye kudunda mpira. Alifunga daftari taratibu, akaweka kalamu juu yake. Tangu siku hiyo haji mazoezini. Saa kumi jioni namwona akipita nje ya uzio, begi mgongoni, hageuzi shingo.

Nimekosa raha. Nikaketi kutafuta habari nzima, si kile kipande cha video alichokiona yeye. Irving aliyasema hayo Februari 2017, akiwa Cleveland Cavaliers, kwenye podikasti ya wachezaji wenzake. Watu wakalipuka. Wengi walimcheka, na hata kamishna wa NBA, Adam Silver, aliulizwa na waandishi akajibu kwamba yeye binafsi anaamini dunia ni duara. Wengine wakasema mwacheni, amethubutu kuhoji. Kisha Oktoba 2018, akiwa Boston, Irving aliomba radhi. Aliwataja walimu wa sayansi, waliokuwa wakimwendea kumwambia kwamba wamelazimika kufundisha somo lao upya. Lile la kwanza linazunguka kwenye simu za watoto hadi leo. La radhi kijana wangu hajawahi kuliona.

Nimesoma pia habari ya Stephen Curry, naye mchezaji wa NBA. Desemba 2018 alisema haamini kwamba watu walifika mwezini. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, hawakumtukana, walimwalika Houston aje aone mawe yaliyoletwa na safari za Apollo, ambayo jumla yake ni kilo 382. Baada ya siku chache akasema alikuwa anatania, akaketi kuzungumza na mwanaanga Scott Kelly. Jibu lile la NASA ndilo nililopaswa kumpa mwanangu yule: njoo uone.

Ijumaa iliyopita niliwabakisha wachezaji waliobaki. Jua lilipotupotea uwanjani nikawaambia tazameni juu. Sisi tulishaingia kivulini na theluji ya Kibo bado ilikuwa na rangi ya chungwa. Nikawaambia mlima bado unaliona jua ambalo sisi tumefichwa na mgongo wa dunia. Walinyamaza wote, wakatazama mpaka rangi ikaisha. Nilitamani yeye awepo.

Namrudishaje? Na nikimpata, nimwonyeshe nini?

MtuWaHimo

Mwalimu unajisumbua. Mtoto akililia wembe, mpe. Akipata sifuri kwenye mtihani wa taifa atajua dunia ina umbo gani. Na huyo Irving analipwa mamilioni kwa kudunda mpira, hawezi kutufundisha kitu. Enzi zetu hapo ni viboko viwili na somo linaendelea.

Mwl_Pasua

Kaka wa Himo, nakuheshimu, ila mimi nimeshamchapa kwa kicheko cha watu arobaini na nane. Matokeo yake nimekuandikia hapo juu.

DadaNjiro (Arusha)

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi. Kabla ya mlima na jua, muombe radhi. Usimwite ofisini. Ulimcheka darasani, muombe radhi palepale darasani, mbele ya wale wale.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mimi ni muuguzi. Januari 2022, bingwa wa tenisi Novak Djokovic aliporudishwa kutoka Australia kwa kuwa hajachanja, kijana mmoja fundi wa pikipiki alikuja na mama yake kwenye kituo nilichokuwepo. Mama anataka wachanjwe wote wawili, kijana akasema, "Dada, yule anashinda dunia nzima na hajachanja, mbona hafi?" Nilikuwa nimechoka, foleni imefika mlangoni. Nikamjibu kwa ukali kwamba yeye si Djokovic. Aliondoka, na mama yake akamfuata. Alikuwa ameuliza swali zuri kabisa. Jibu lake nilikuwa nalo: mtu mmoja mwenye mapafu ya bingwa hakuambii lolote kuhusu hatari ya mama yako mwenye kisukari. Dakika mbili tu zingetosha. Mpaka leo nikipita gereji ile naangalia kama yupo.

Halafu kuna jambo wote tumeliona mwezi huu huu. Tarehe 7 Septemba hii ya 2025, mwezi ulipopatwa kuanzia kama saa moja na nusu usiku, sisi tulikuwa uani na watoto. Ule ukingo wa kivuli ukiula mwezi ulikuwa umepinda. Kivuli kile ni chetu, cha dunia. Na mwezi ukipatwa, popote ulipo angani, kivuli hutokea na mkunjo uleule, na tufe pekee ndilo lenye kivuli cha namna hiyo kila upande. Muulize kama naye alitoka nje kutazama.

MgumuWaMachame

Mwalimu, mimi nabeba mizigo mlimani. Nina neno moja la kukusahihisha, na nalisema ili kijana asije akakushika.

Mwezi huu na uliopita jua la Moshi halizami kwenye tambarare. Linazama upande wa Mlima Meru, na mwezi wa nane ni karibu nyuma yake kabisa. Kwa hiyo kivuli kilichowaingia Ijumaa sehemu yake kubwa ni cha Meru, si mgongo wa dunia. Mwenye dunia bapa atakuambia hivyo na atakuwa na haki. Subiri Januari. Mlima unakuwa wazi na jua linazamia kusini-magharibi, upande wa uwanja wa ndege wa KIA na Mirerani, ambako hakuna Meru. Hapo shika saa. Hesabu dakika tangu jua lipotee uwanjani hadi Kibo izimike.

Jambo la pili, watu husema ukifika kilele cha Uhuru unauona mviringo wa dunia kwa macho. Nimefika mara nyingi na siwezi kuapa. Mita 5,895 bado ni chini. Msimwambie mtoto jambo ambalo siku akipanda hataliona. Ninachoweza kuapa ni alfajiri ya Stella Point, kule juu ukingoni mwa kreta: jua limeshatupiga usoni, wageni wanalia, na chini kule taa za Moshi bado zinawaka gizani.

Mwl_Pasua

Mkuu, umenisaidia kuliko unavyodhani. Sikuifikiria Meru hata kidogo. Kesho nawaambia vijana kwamba nilikosea, na nawaambia aliyenisahihisha ni mgumu wa Machame.

MkimbiajiWaZamani (Arusha)

Uliita waliokimbia, nimeitika. Nilikimbia mita 1500 ngazi ya mkoa, pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid nimelala kwenye majani yale nikitapika mara nyingi tu.

Mwalimu, kijana wako haitetei dunia bapa. Anamtetea mtu wake. Kwa mwanamichezo chipukizi, yule anayemtazama ni ushahidi unaotembea. Irving kwenye fainali ya 2016, mchezo wa saba, dakika ya mwisho, alimrushia Curry pointi tatu usoni na Cleveland wakachukua ubingwa. Mtoto ameirudia video ile mara mia, akaenda uwanjani kuijaribu na mwili wake, ikakubali. Kila alichofundishwa na mtu huyo kimefanya kazi. Wewe ulichompa ni sentensi ya kukariri kuhusu meli, na hapa Kaskazini meli hatuna. Utashangaa amemwamini nani?

Na kuna kingine ambacho wasiokimbia hawakijui. Sisi tunalelewa kutosikiliza. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alikuwa anatangulia tangu bunduki inalia. Wajuzi wa riadha walisema mita 1500 haikimbiwi hivyo, utaungua mzunguko wa mwisho. Februari 1974, Christchurch, aliongoza mwanzo mpaka mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alivunja rekodi ya zamani na bado hakumfikia. Kila kocha huku ametusimulia mbio zile, na tulichokisikia ni "wakikuambia haiwezekani, wewe nenda."

Ukimlea mtu hivyo tangu ana miaka kumi na mbili, halafu siku moja akasikia wataalamu wote wanasema dunia ni duara, damu yake inamwambia hawa ndio wale wale. Ila makocha wetu waliruka kipande kimoja. Bayi alikubali saa impime. Kila mzunguko kulikuwa na watu wameshika saa, na kama angeungua, saa ingesema ameungua. Mwambie hivyo kijana. Hoji unavyotaka, ila uende na saa. Mpe kitu cha kupima kwa mikono yake. Atakuja, maana mchezaji hawezi kukataa kupimwa.

TimaziSakina (Arusha)

Kaka mkimbiaji amesema "kitu cha kupima", nami ni mpima ardhi, kwa hiyo naleta kazi.

Nimefungua ramani sasa hivi. Moshi na Tunduru ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo. Ukishuka moja kwa moja kusini kutoka uwanja wako unafika Tunduru, na katikati kuna kama kilomita 860. Tarehe 1 au 2 Oktoba jua litapita utosini kwenu Moshi. Simamisha fito ya mita moja, inyooshe kwa timazi, na kama saa 6:20 mchana haitakuwa na kivuli. Dakika hiyo hiyo fito kama hiyo ikisimama Tunduru itatoa kivuli cha kama sentimita 13 na nusu. Hesabu ya tanjenti ya kidato cha pili inakupa pembe ya karibu nyuzi 7 na robo tatu. Gawa 360 kwa hiyo, zidisha kwa 860, utapata kitu karibu na kilomita 40,000, ambao ndio mzunguko wa dunia kupitia ncha zake. Mgiriki mmoja, Eratosthenes, alifanya hivi Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na pembe yake ilikuwa karibu sawa na hii yenu.

Jiandae lakini. Kijana mwerevu atasema vivuli vinatofautiana kwa sababu jua liko karibu na dunia ni bapa. Ni hoja halali, fito mbili peke yake haziivunji. Basi mpe karatasi ngumu yenye tundu la pini. Saa sita mchana aangushe taswira ya jua kwenye karatasi nyingine nyeupe mita 2 nyuma yake, apate duara la sentimita 2 kasoro kidogo, alipime kwa rula. Saa 11 jioni arudie, umbali uleule. Jua la karibu juu ya dunia bapa lingekuwa limekimbilia mbali, na duara lingebaki kama theluthi. Aseme mwenyewe amepata ngapi. Asilitazame jua kwa macho, alipe mgongo.

Mwl_Pasua

Nimesoma haya yote mara mbili na nimeyanakili kwenye daftari la maandalio.

Leo kipindi cha tatu niliomba radhi darasani kama dada wa Njiro alivyosema. Nilisema nilimcheka mwenzenu kwa kuandika anachoamini, na mwalimu hapaswi. Hakunitazama. Kengele ilipolia alibaki nyuma akizungusha kofia ya kalamu, mwishowe akauliza kama ni kweli Kyrie aliomba radhi au mimi nimetunga. Nikampa simu yangu. Alitazama amesimama, akarudisha nyuma mara moja, akatazama tena. Akasema, "Lakini hajasema amepima. Kasema tu samahani, na kwamba mambo hayo ungeyasema faragha."

Wakuu, mimi hilo sikuliona. Nilisoma habari ile usiku mzima nikaipita. Nikamwambia basi tupime sisi. Akauliza, "Lini?"

Fito ya mianzi ninayo, timazi nitaazima kwa fundi wa hapa jirani. Ninachokosa ni mtu wa Tunduru. Kuna yeyote?

BintiRuvuma

Mwalimu, niko Tunduru mjini, nafundisha shule ya msingi, darasa la sita. Fito ya mita moja ipo, uwanja wetu ni mchanga mtupu na Oktoba hakuna wingu. Ila naomba huyo kijana anipigie yeye mwenyewe siku hiyo, tuhesabiane sekunde kwenye simu, wanangu wamsikie. Namba nakutumia faragha.