Pamba chotara: nyuzi zimefupika, maikronea 3.2. Kosa liko wapi?

Mnunuzi_Ubungo
Wakuu, habari za leo. Kuna marobota ya pamba chotara (mbegu yake hutokana na kuchanganya aina mbili) ya Kilosa yako ghalani Kurasini. Vipimo vya HVI (mashine ya kupima ubora wa nyuzi): urefu milimita 26.8, ulinganifu wa urefu wa nyuzi asilimia 78, maikronea (kipimo cha wembamba na ukomavu wa uzi) 3.2. Msimu uliopita shamba hilohilo lilitoa urefu wa 29 na ulinganifu wa 83. Mwenye shamba anasema mbegu ni ileile, aliihifadhi mwenyewe. Ilipandwa mwishoni mwa Machi. Tatizo ni mbegu, mvua au mashine ya kuchambulia?

Kitumba
Mkuu, hapo kwenye "mbegu ni ileile" ndipo penye shida. Uzi wa pamba huota kwenye ganda la mbegu, na ganda ni sehemu ya mmea mama. Ndiyo maana mwaka wa kwanza nyuzi zote zilifanana, ijapokuwa kiini cha ndani kilikuwa kimeshachanganyika. Kiini hicho kikipandwa, kila shina hushika tabia yake: hili nyuzi ndefu, lile fupi, jingine nyembamba. Zikikutana kwenye robota moja, ulinganifu lazima ushuke. Mbegu ya kawaida kama UKM08 inarudiwa kwa sababu si chotara. Hii yako ya chotara inunuliwe upya kila msimu.

Hadubini
Naafiki kuhusu ulinganifu. Ila maikronea isihukumiwe haraka. Kipimo kile hupitisha hewa katikati ya nyuzi, kwa hiyo kinachanganya wembamba na ukomavu. Kuna chotara zenye nyuzi nyembamba kwa asili, zinasoma chini na zimekomaa vizuri tu. Chukua kishungi kidogo, kiloweke kwenye kostiki soda ya asilimia 18, kisha tazama kwa hadubini. Uzi uliokomaa huvimba ukawa kama fimbo. Usiokomaa hubaki bapa, umejisokota kama utepe. Utepe ukiwa mwingi, tarajia vifundo kwenye uzi wa kusokota na madoa meupe kitambaa kikitiwa rangi.

Halafu, kwa hewa yetu ya Dar, sampuli isipimwe ikitoka ghalani moja kwa moja. Unyevu hupandisha usomaji wa nguvu. Iache kwanza kwenye chumba cha nyuzijoto 21 na unyevu wa hewa asilimia 65.

BwanaShamba_Moro
Tarehe ya kupanda inasema mengi. Machi mwishoni maana yake maua mwishoni mwa Mei. Uzi hurefuka takribani siku 20 hadi 25 tangu ua lifunguke, kisha kuta zake hunenepa hadi karibu siku ya 50. Kwa hiyo urefu uliangukia ukavu wa Juni, na unene ukaangukia usiku wa baridi wa Julai. Vyote viwili viliumia. Ulizia pia mbolea ya potashi: majani ya juu yakigeuka rangi ya shaba kabla vitumba havijafunguka, uzi haukushiba.

Mnunuzi_Ubungo
Asante sana. Na mashine? Wanachambua kwa misumeno.

Kitumba
Misumeno hukata nyuzi kuliko roli, hasa pamba ikikaushwa kupita kiasi. Lakini mashine haiwezi kuzuia uzi kukomaa, hiyo 3.2 ilitoka shambani. Angalia pia manjano: wadudu kangambili wakitoboa vitumba, pamba fifi (yenye madoa) ikachanganywa na safi, daraja linaanguka hata urefu ukiwa mzuri.

Mnunuzi_Ubungo
Manjano yapo, kwenye marobota manne. Nayatenga leo, kostiki soda naipima Jumatatu.